Kabla hujaweka ndoo mferejini

Wadogo zangu mnaokuja kupima gesijoto kwenye majaruba yaliyolimwa palipokuwa na mikoko huku Lindi, msiukimbilie mpunga mkauruka mfereji. Ni mwembamba, lakini tope lake jeusi limemeza majani yaliyooza na mbolea iliyooshwa shambani. Humo, pasipo oksijeni, vijidudu hutengeneza methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mbolea yenye naitrojeni nayo huzaa naitrasi oksaidi, na hiyo ni takriban mara 273.

Kifaa ni ndoo iliyopinduliwa, imefungwa maboya ielee. Unavuta hewa yake kwa bomba la sindano mara tu ukiiweka, kisha dakika ya 10, ya 20 na ya 30, na kila mara unaijaza kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira.

Nilipoanza nilikuwa nasimama ukingoni kabisa. Tope likabonyea, viputo vikapanda ndani ya ndoo. Namba zikawa kubwa nikafurahi, kumbe gesi nimeikamua mwenyewe kwa mguu. Vipimo vya siku ile nilivitupa vyote, na bado vinaniuma. Tandika ubao mrefu, ndoo ivute kwa kamba. Ila kiputo kilichopanda chenyewe usikifute kwa sababu tu kimeharibu mstari wa grafu yako. Methani nyingi hutoka kwa njia hiyohiyo.

Jambo la chumvi nilifunzwa na mama mmoja mwenye jaruba. Nilipomaliza kumwamkia akaniuliza: "Mwanangu, juzi ulikuja bamvua, leo maji mafu. Hayo maji unayaona mamoja?" Sikuwa na jibu. Bamvua bahari hujaa na kukupwa sana, maji mafu hujaa na kukupwa kidogo. Maji ya bahari huja na salfeti, mojawapo ya chumvi zake, na vijidudu vinavyoitumia huvinyang'anya chakula vile vya methani. Tuta likiizuia bahari, mvua ikajaza mfereji maji baridi yasiyo na chumvi, methani huweza kupanda sana. Mfereji uleule, shamba lilelile.

Kwa hiyo pima chumvi kila unapoweka ndoo, hata kama umechoka na jua limekukaanga. Andika na saa, maji yanajaa au yanakupwa, na mwezi una siku ngapi. Tumia penseli, maana wino ukiguswa na maji ya mfereji hausomeki tena.