Maswali ya Wasomaji: Mswada Umezidi Urefu, Nikate Wapi?

Riwaya yangu ilikuwa na maneno 138,000. Mchapishaji ameirudisha akitaka ishuke hadi 100,000. Nimekaa nayo mwezi mzima nikipunguza sentensi moja moja, nimefika 134,000 tu. Nakosea wapi?

Umeanzia mwisho. Piga hesabu: hata ukifuta neno moja katika kila kumi, na hiyo ni kazi kubwa, utaondoa 13,400, nawe unadaiwa 34,000. Deni kama hilo hulipwa kwa kufuta matukio mazima kwanza. Sentensi ni baadaye, la sivyo utazing'arisha kurasa ambazo hazitabaki.

Weka mswada pembeni, chukua daftari. Kila tukio lipe mstari mmoja wenye mambo matatu: mhusika anataka nini, kipi kimebadilika tukio linapokwisha, na lina maneno mangapi. Ukikosa cha kuandika kwenye jambo la pili, hapo ndipo pa kukata. Aghalabu utakuta ni safari, ni mlo, au ni watu wawili wanaelezana jambo ambalo msomaji alilishuhudia sura iliyopita. Matukio 12 ya maneno 2,000 kila moja yatakushusha hadi 110,000. Hapo sasa neno moja kwa kila kumi litakufikisha 99,000.

Kabla ya kufuta, hamishia tukio kwenye faili jingine, kisha andika lilikuwa limebeba nini: barua, kovu, jina la shangazi. Wengi huumia hapa, maana sura ya 19 inataja barua ambayo msomaji hajapata kuisikia. Unapotafuta masalia kwenye kompyuta, tafuta mzizi, usitafute neno zima. Ukiandika "alificha" utakosa "amekificha", "alipoificha" na "ilikofichwa". Andika "fich" uyapate yote.

Ukifika kwenye sentensi, ichunge -ka-. Ni kiambishi kitamu mno cha kusimulia, na utamu huohuo humfanya mwandishi ahesabu kila hatua ya mguu:

"Juma aliinuka kutoka kwenye kiti alichokuwa amekalia, akatembea kuelekea mlangoni, akanyoosha mkono wake, akashika komeo, kisha akafungua mlango."

Hayo ni maneno 18. "Juma akaenda kufungua mlango" ni 4, na msomaji hajapoteza kitu. Ila kama nyuma ya mlango yuko mtu ambaye Juma anamwogopa, urudishe ule mkono kwenye komeo. Hofu huhitaji muda, na maneno hayo matatu au manne ndiyo yanayoununua.

Mkataba wangu unasema mrabaha, yaani malipo yangu kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 "ya mapato halisi". Mwenzangu anapata asilimia 8 ya bei ya jalada. Si mimi niliyepata zaidi?

La, huenda umepata pungufu. Chukua kitabu cha bei ya 1,000. Mwenzako anapata 80 kwa kila nakala. Hesabu yako inaanza baada ya punguzo la maduka: yakiuziwa kwa nusu bei, mchapishaji anapokea 500, nawe unabaki na 50. Na ikiwa "mapato halisi" hayakufafanuliwa, gharama za usafirishaji au matangazo nazo zinaweza kukatwa humohumo. Dai ufafanuzi huo uandikwe ndani ya mkataba wenyewe kabla hujasaini.

Angalia pia kifungu cha kurudishiwa haki kitabu kikiadimika sokoni. Nakala ya kielektroniki haiadimiki kamwe, hivyo kifungu kitaje idadi ya mauzo kwa mwaka ambayo yakishuka chini yake, haki zinarudi kwako.

Je, nisajili hakimiliki kabla ya kutuma mswada?

Katika nchi zilizoridhia Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki yaliyotiwa saini mwaka 1886, si lazima: haki ni yako tangu ulipoandika. Usajili, pale unapopatikana, husaidia kama ushahidi. Fahamu tu kwamba wazo tupu halilindwi. Kinacholindwa ni jinsi ulivyoliandika. Kwa hiyo tunza rasimu zako zote zikiwa na tarehe, pamoja na barua pepe uliyotumia kuutuma mswada.