Faili moja la BAR, mazingira matatu

Swali: Tunatumia IBM App Connect Enterprise toleo la 12, programu ya kuunganisha mifumo, tukiwa na sava tatu: ya watengenezaji, ya majaribio na ya kazi halisi. Kila tunapohamisha mtiririko (hatua zinazopokea, kubadili na kupeleka ujumbe) tunajenga upya faili la BAR, yaani kifurushi cha kuupeleka kwenye sava, ili kubadili anwani za hifadhidata na za foleni za ujumbe. Juma lililopita mtiririko wa majaribio uliandika kwenye hifadhidata halisi. Tunakosea wapi?

Jibu: Mnakosea pale pale mnapojenga upya. Faili lililopita mikononi mwa wajaribu ndilo linalotakiwa kufika kwenye kazi halisi likiwa vilevile, kwa kuwa likishajengwa mara ya pili, mnachokiendesha si kile mlichokijaribu. Ipo amri ya `ibmint apply overrides`, inayobadili thamani zilizomo kwenye BAR bila kugusa mtiririko wenyewe, lakini mimi huitumia pale tu ninapokosa njia nyingine, maana mwisho wake ni mafaili matatu yenye jina moja.

Anwani ya meneja wa foleni (programu ya IBM MQ inayotunza foleni hizo) iwekeni kwenye sera, yaani mipangilio inayokaa nje ya mtiririko, ya aina ya MQEndpoint. Mtiririko utaje jina la sera tu, na kila sava ipewe mradi wake wa sera, wenye majina yaleyale na thamani za mazingira yake. Kwa hifadhidata inayofikiwa kwa ODBC (njia ya kawaida ya programu kuunganika na hifadhidata), jina la chanzo cha data libaki moja kila mahali, na faili la `odbc.ini` la kila mashine ndilo liamue jina hilo linaelekea wapi. Nywila zisiingie kwenye BAR wala kwenye Git mnamotunza msimbo; ziwekwe kwa `mqsisetdbparms`, au katika hifadhi iliyosimbwa inayoundwa kwa `mqsivault`.

Hayo yote hayatoshi ikiwa mtumiaji wa majaribio anaruhusiwa kuingia kwenye hifadhidata halisi. Mnyimeni ruhusa hiyo, na ukuta wa moto uzuie njia kati ya mitandao hiyo miwili, ili anwani ikikosewa (nami nimewahi kuikosea) kazi ishindwe kwa kelele badala ya kufaulu kimyakimya.

Ikiwa sava mbili zinakaa mashine moja, kila moja iwe na saraka yake ya kazi iliyoundwa kwa `mqsicreateworkdir`, na poti zake, la sivyo zitagombania 7600 ya usimamizi na 7800 ya HTTP. Mabadiliko hayo yaandikwe kwenye `server.conf.yaml` iliyo ndani ya saraka ya `overrides`, kisha sava iwashwe upya.

Kabla ya kupeleka faili kwenye kazi halisi, linganisheni SHA-256 (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) ya BAR mnayotaka kuipeleka na ile iliyojaribiwa, zikitofautiana, msiipeleke.