Giaboksi otomatiki inavuja, usikimbilie sampo

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, naona wengi wenu mkiona tone jekundu chini ya gari mnaenda moja kwa moja kufungua sampo (lile bakuli la oili chini ya giaboksi). Subiri kwanza. Tone linapoangukia sio linapotokea, gari likitembea upepo unaisukuma oili nyuma na yenyewe inateremka chini, kwa hiyo sampo italowa hata kama haina kosa lolote.

Kwanza hakikisha ni ATF kweli, yaani oili ya giaboksi otomatiki. Ikiwa mpya mara nyingi ni nyekundu, ikizeeka inaelekea kahawia, ikiungua utaijua kwa harufu tu. Ila rangi peke yake inadanganya, maana gari nyingi zinatumia ATF hiyohiyo kwenye pawa steringi, na kulanti (maji ya kupoza injini) nyingine nazo ni za pinki, so cheki kikopo cha steringi na cha kulanti kama vimepungua ndo uanze kulaumu giaboksi.

Halafu osha. Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo kazi yenyewe, piga dawa ya kutoa grisi chini kote, kausha, endesha mpaka giaboksi ipate moto, kisha pandisha gari kwenye stendi (jeki peke yake usiingie chini, tafadhali) umulike na tochi utafute sehemu iliyolowa ya juu kabisa na ya mbele kabisa. Chanzo kiko hapo au karibu na hapo. Kama inavuja kidogokidogo, nyunyiza poda ya mtoto pale unapopashuku, itakuchorea njia, au weka rangi ya UV kwenye oili umulike na taa yake.

Mipira ya kwenda kwenye kula (kipoza oili ya giaboksi) iangalie injini ikiwa inaunguruma, kuna inayovuja ikiwa na presha tu. Ukikuta oili inatokea kwenye brida (tundu la kupumulia la giaboksi), pima levo kwanza, huenda mtu kazidisha, ikatoa povu ikatafuta pa kutokea. Na levo ipimwe kama manyuo (kitabu cha maelekezo) ya gari hilo inavyosema, nyingi zinapimwa zikiwa na moto injini ikinguruma, nyingine lazima uzime.

Sili (mipira ya kuzuia oili) za draivshafti, zile shafti za kwenda kwenye matairi, kabla hujabadilisha pitisha kidole kwenye shafti, ikiwa imechimbika sili mpya nayo itavuja tu. Bolti za sampo msizikaze kwa hasira, mdomo wa sampo unapinda na gasketi haishiki tena. Oili ikitoka pale injini inapoungana na giaboksi, inaweza kuwa sili ya tokikonveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) au sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), na kwa vile hapo ni kushusha giaboksi, hakikisha umemaliza kukagua kila kitu cha juu yake.

Kuna na ile isiyoacha tone: levo inashuka, chini pakavu. Fungua rejeta ikiwa imepoa, ukikuta uji wa pinki ujue kula iliyo ndani ya rejeta imetoboka, kulanti inaingia kwenye giaboksi na kuharibu klachi, gari hilo lisiwashwe tena, livutwe.