Mifupa ya mama, mifupa ya binti yangu

Mama yangu alivunjika nyonga akiwa na miaka 68. Hakuanguka kutoka juu. Aliteleza uani akiosha vyombo. Daktari alisema ni osteoporosisi, yaani mifupa imekonda kwa ndani, kisha akanigeukia: "Una binti? Ana miaka mingapi?"

Ana 12. Alichonieleza siku ile natamani kila mzazi angekisikia.

Mfupa ni kitu hai, hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Utotoni ujenzi huzidi ubomoaji. Msichana akifika miaka 18 anakuwa ameshajenga takriban asilimia 90 ya mifupa yake. Mvulana hufika hapo kwenye 20 hivi. Kabla ya kumaliza miaka ya ishirini akiba imekamilika, na baada ya hapo tunaitumia. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, hushuka na akiba huchotwa kwa kasi. Aliyeweka kidogo huwahi kuishiwa. Urithi nao una sehemu kubwa, na mwanangu ni mjukuu wa mama.

Basi nimerudisha dagaa mezani. Zamani nilikuwa nanunua minofu nikiona ndiyo chakula cha maana, kumbe dagaa tunawala na mifupa yao, na kalsiamu, madini yanayojenga mfupa, imo humo. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kama miligramu 1,300 kwa siku. Chai ya rangi na andazi haviwezi kumfikisha. Maziwa mgando yanasaidia sana. Mchicha tunakula, ila siutegemei kwa kalsiamu, maana mwili huipata kidogo tu. Sukuma wiki ni bora zaidi.

Linaloniuma ni michezo. Nilimkataza kuruka kamba nikisema ameshakuwa mkubwa, nikamjazia tuisheni hadi jioni. Mfupa huimarika kwa kishindo: kuruka, kukimbia, kucheza rede. Kuogelea hakuuimarishi vivyo hivyo. Sasa tuisheni ni siku mbili tu kwa wiki.

Ukiona binti anajinyima chakula apate wembamba, na hedhi imekatika miezi kadhaa, usingoje. Mpeleke hospitali, kwa sababu mifupa yake inapungua katika miaka ileile ya kujengwa.

Sisi tuliovuka 40 tunaweza bado kupunguza upotevu: kutembea, kubeba vitu vizito kiasi, kuacha sigara. Na kama unatumia prednisoloni, dawa inayoweza kukondesha mifupa, kwa miezi mingi, usiikatishe mwenyewe. Muulize daktari wako kuhusu mifupa.