Umechelewa siku 11 kulipa kadi: ofa ya riba bado ipo, usiiue mwenyewe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Ohio, Marekani, ila nipo nyumbani Tukuyu kwa msiba. Nina kadi ya mkopo yenye deni la dola 3,000 kwa ofa ya riba 0% ya miezi 15, na imebaki miezi 8. Malipo ya chini kabisa ya mwezi, dola 35, yamepitiliza siku 11, kwa sababu kila nikitaka kuingia kwenye akaunti, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ya Marekani ambayo huku haishiki mtandao. Mwenzangu ninayeishi naye kule amenipigia picha ukurasa wa kwanza wa taarifa ya mwezi: kuna faini ya dola 29 na wameandika 29.99%. Kuna kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, anataka shilingi 350,000 aongee na benki irudishe ofa. Ndugu wengine wanasema niache kulipa mpaka nirudi, kwa kuwa ofa imeshakufa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada, na poleni sana kwa msiba. Kijana wa Mwanjelwa asipewe hata mia. Lipa zile dola 35 leo, ofa yako ingali hai.

Hiyo 29.99% inatisha watu wengi bure. Itazame tena picha. Karibu na tarehe ya mwisho ya kulipa kuna kisanduku cha onyo: usipolipa kwa wakati unaweza kutozwa faini, na riba inaweza kupandishwa hadi kiwango cha adhabu, ndiyo hiyo 29.99%. Sheria inailazimisha benki yenye riba ya adhabu kuchapisha onyo hilo kila mwezi, hata kwa mteja ambaye hajawahi kuchelewa. Riba unayotozwa kweli iko kwenye jedwali la mwishoni mwa taarifa, linaloonyesha aina ya deni, riba yake ya mwaka na kiasi kilichokatwa mwezi huo. Mwambie mwenzako akupigie picha ukurasa huo. Mstari wa deni la ofa ukisoma 0.00%, hakuna kilichopanda.

Na kwa siku 11 isingeweza kupanda. Sheria ya kadi za mkopo ya Marekani ya 2009, iitwayo CARD, hairuhusu benki kuondoa riba ya ofa kwenye deni lililokwishapo mpaka malipo ya chini yachelewe zaidi ya siku 60. Hata hapo lazima itoe notisi ya siku 45. Manunuzi mapya ndiyo hayana kinga hiyo: benki ikikutumia notisi, kila utakachonunua baada ya siku 14 kinaweza kuangukia riba mpya. Kwa hiyo kadi hiyo iweke pembeni kwa sasa. Kinga hii ni ya kadi za mtu binafsi, kadi za biashara hazimo.

Sasa hao wanaokushauri uache kulipa. Hili ndilo kosa linaloumiza watu kuliko yote, na linaumiza zaidi kwa sababu linasikika kama hesabu ya mtu mwenye busara: riba imeshapanda, kwa hiyo siku 11 au siku 70 ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Siku ya 11 una faini ya dola 29 tu. Ukipita siku 30, benki inaweza kukuripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji Marekani, na doa hilo linakaa kwenye rekodi yako miaka 7. Ukipita siku 60 ndipo ofa inapokufa kweli. Dola 3,000 kwa 29.99% ni kama dola 75 za riba kila mwezi, zaidi ya mara mbili ya malipo ya chini unayoyakwepa. Benki haijakuulia ofa. Anayesubiri ndiye anayeiua, na saa inahesabu tangu tarehe uliyoikosa, siyo tangu siku utakayotua Ohio.

Angalia pia kwamba kulipa pungufu hakusimamishi saa hiyo. Dola 30 siyo dola 35. Na taarifa mpya itadai zaidi, kwa kuwa imejumlisha malipo yaliyopita, ya mwezi huu na faini. Kiasi hicho chote kiingie kabla ya tarehe yake mpya.

Kulipa ukiwa Tukuyu kunawezekana. Nyuma ya kadi kuna namba ya simu kwa walio nje ya Marekani. Piga, jibu maswali ya utambulisho, lipa kwa simu kutoka akaunti yako ya benki. Kwenye simu hiyo hiyo omba mambo matatu: wakufutie faini kwa kuwa ni mara yako ya kwanza (kama ndivyo, mara nyingi wanakubali), wakutumie kwa maandishi riba ya deni la ofa na tarehe inapoisha, na wahamishie namba za uthibitisho kwenye barua pepe. Kisha weka malipo ya chini yakatwe yenyewe kila mwezi, ila mwezi wa kwanza lipa kwa mkono, maana mpango huo unaweza kuanza mzunguko unaofuata. Benki hairuhusiwi kuweka kikomo cha siku ya mwisho mapema kuliko saa kumi na moja jioni ya kule inakopokelea malipo. Kama ni Ohio, hiyo ni saa sita usiku kwenu, au saa saba majira ya baridi yao.

Hata mtu aliyepita siku 60 hahitaji dalali. Akilipa malipo ya chini 6 mfululizo kwa wakati, kuanzia ya kwanza baada ya riba kupanda, sheria inaitaka benki irudishe riba ya awali kwenye deni lile la zamani, mradi muda wa ofa wenyewe haujaisha. Malipo 6, basi. Hakuna simu ya mtu yeyote inayoyafupisha.

Ndiyo maana hawa wa “naongea na benki” na “nakusafishia jina” wananikera. Wanataka nini? Namba ya kadi, namba ya uthibitisho na hela mbele. Ukiwapa hivyo viwili vya kwanza, umewapa kadi yenyewe. Sheria ya Marekani inakataza kampuni ya kurekebisha rekodi za mikopo kudai malipo kabla ya kumaliza kazi. Taarifa ya uongo kwenye rekodi unaipinga mwenyewe, bure. Taarifa ya kweli haifutiki kwa hela.

Biashara hiyo hiyo ipo kwa mikopo ya hapa nyumbani, na wanaonaswa ni wakulima wa viazi wa Umalila na wa kahawa wa Mbozi ambao mavuno yamechelewa kuliko tarehe ya rejesho. Mtu anakopa kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili alipe benki, au anampa dalali hela “amtoe CRB”, yaani amfutie jina kwenye rekodi za wakopaji. Rekodi za hapa ziko kwenye kanzidata ya Benki Kuu na kwa kampuni zenye leseni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet; dalali wa mtaani hana mlango huko. Na usidhani siku 60 za Marekani zinakulinda Mbeya: hapa soma mkataba uliotia saini. Nenda kwa afisa mikopo kabla ya tarehe ya rejesho, siyo baada, na barua ya kuomba upangiwe upya marejesho ikiwa na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama kuna kosa na benki haikusikilizi, malalamiko yanaanza kwa maandishi kwenye benki yenyewe, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini. Nenda na mkataba, taarifa ya mkopo na ile nakala yenye muhuri.