Sayari yangu inaangukia nyota: kosa ni la programu?

Swali: Nimeandika programu ya kuiga sayari yenye tungamo la Dunia ndani ya diski ya gesi, umbali wa kizio 1 cha astronomia (umbali wa Dunia na Jua) kutoka kwenye nyota. Diski hudumu miaka milioni 3, lakini sayari inaangukia nyota kabla ya miaka laki 2. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea. Graviti ya sayari huamsha mawimbi mawili kwenye gesi. La ndani hutangulia na kuivuta sayari mbele. La nje huchelewa na kuivuta nyuma. Shinikizo la gesi hulipatia wimbi la nje nafasi ya kukaa karibu zaidi na sayari, kwa hiyo mara nyingi ndilo linaloshinda. Muda wa kuanguka hupungua kadiri tungamo la sayari linavyoongezeka: Dunia 10, kasi mara 10. Vilevile hufuata mraba wa uwiano wa unene wa diski kwa umbali. Ukitoka 0.033 hadi 0.05, muda unazidi mara mbili, kwa hiyo hakiki namba hiyo kwanza.

Kinachosahaulika sana ni gesi iliyo kwenye obiti yenyewe ya sayari, ile inayogeuka kama herufi U kila inapoikaribia. Hiyo ndiyo inayoweza kusimamisha safari, hata kuirudisha sayari nje. Kwa Dunia, nusu ya upana wa ukanda huo ni takriban 0.009 ya umbali wa sayari. Gridi (vyumba ambamo programu huigawa diski) ya vyumba 256 kutoka 0.4 hadi 2.5 ya umbali huo ina chumba cha 0.008: nusu ya ukanda wako ni kama chumba kimoja tu! Weka vyumba vitano au zaidi katika nusu hiyo, angalau karibu na sayari.

Tena, ukiifunga halijoto isibadilike, umeondoa sehemu kubwa ya msaada wa gesi hiyo. Ruhusu gesi ipashwe na kupoa. Mnato (msuguano wa ndani ya gesi) nao una mtego wake: ukiwa mdogo mno, gesi inachanganyika yenyewe, hivyo msaada unafifia; ukizidi, gesi inapita kabla ya kukamilisha mgeuko. Kama gridi ni ya pande mbili, lainisha graviti ya sayari (ipunguze karibu nayo) kwa umbali wa 0.6 hadi 0.7 ya unene wa diski.

Kuanzia takriban 0.4 ya tungamo la Mshtarii (kwa uwiano wa unene wa 0.05), sayari huchimba mfereji kwenye gesi, na hesabu hizi hazitumiki tena.