Maswali ya Wasomaji: Fedha za Wasio na Makazi

Swali: Mhariri, najitolea katika makao ya dharura kwenye mji mmoja wa Marekani. Kila Januari tunakesha tukihesabu wanaolala nje. Mji jirani una wachache kuliko sisi, ila ruzuku yao ya ESG, ile ya serikali kuu kwa huduma za dharura za wasio na makazi, inatushinda. Hesabu yetu inakwenda wapi?

Jibu: Katika ESG, haiendi popote. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD, huupa kila mji asilimia ileile uliyoipata mwaka uliotangulia katika ruzuku ya maendeleo ya jamii, CDBG. Kwa hiyo siri yote imo kwenye CDBG, nayo ina kanuni mbili. Ya kwanza huangalia umaskini kwa uzito wa nusu, idadi ya wakazi robo, na nyumba zenye msongamano robo. Ya pili huangalia nyumba zilizojengwa kabla ya 1940 kwa uzito wa nusu, umaskini asilimia 30, na asilimia 20 kwa mji ambao wakazi wake hawakuongezeka kama wa miji mingine tangu 1960. Mji hukokotolewa kwa zote mbili, kisha hupewa ile inayoufaa zaidi.

Someni tena orodha hiyo: hakuna mahali anapohesabiwa mtu aliyelala kwenye gari. Mji mkongwe uliojaa nyumba za zamani na kukimbiwa na watu hupata vizuri. Mji mpya ambao kodi za nyumba zimepanda ghafla huambulia kidogo. Kwa maoni yetu, kanuni hii inapima uchakavu wa mji kuliko ukosefu wa makazi. Jirani zenu huenda hawana ujanja wowote, wana majengo ya zamani tu.

Kuna kizingiti pia. Fungu la mji likiwa chini ya asilimia 0.05 ya fedha zote za ESG, hupelekwa kwa serikali ya jimbo. Mkiwa mmeangukia huko, acheni kuwabana madiwani, ombeni jimboni.

Hesabu ya Januari ina kazi kwenye fungu jingine la HUD kwa wasio na makazi, CoC (Continuum of Care), ambalo hushindaniwa. Huko takwimu huingia kwenye alama na mipango ya eneo, na fomu zilizojazwa ovyo huwagharimu.

Swali: Shirika letu dogo limepewa ESG kupitia jiji. Sasa tunaambiwa tulete kiasi sawa na hicho kutoka kwetu! Tungekuwa nazo tungeomba?

Jibu: Sheria inalidai jiji lichangie asilimia 100 ya ruzuku, na majiji mengi huutua mzigo huo kwa mashirika. (CoC ni nafuu: asilimia 25, na fedha za kukodi majengo haziingizwi kwenye hesabu.) Lakini mchango si lazima uwe taslimu. Jengo mlilopewa bure, vitanda, na saa za wanaojitolea vyote vina thamani. Saa hupigiwa hesabu kwa ujira ambao shirika lenu humlipa mtu wa kazi kama hiyo.

Wengi hukwama kwenye karatasi. Saa zisizo na daftari la mahudhurio lililosainiwa, mkaguzi huzifuta. Mchango uliokwisha kutumika kwa ruzuku ya mwaka jana hautumiki tena. Na matumizi ya mchango wenyewe lazima yawe ya aina inayoruhusiwa na ESG: sherehe ya kuchangisha fedha haimo.

Jueni pia kwamba makao ya dharura na kazi ya kuwafuata watu mitaani, kwa pamoja, kwa kawaida havizidi asilimia 60 ya ruzuku ya jiji, na utawala hauzidi 7.5. Ombi la vitanda pekee hugombania sehemu hiyo na kila mwenye makao. Ukiomba fedha za kumrudisha mtu haraka kwenye nyumba ya kupanga, foleni ni nyingine.

Mwisho, mara nyingi mtatumia kwanza ndipo mrejeshewe. Jiji lina siku 30 za kulipa baada ya kupokea dai lililokamilika. Neno ni hilo, "lililokamilika": stakabadhi moja ikikosekana, siku hazijaanza kuhesabiwa. Wekeni akiba ya mishahara ya miezi miwili au zaidi kabla ya kusaini.

Swali: Halmashauri yetu hapa Uingereza inalipia familia zisizo na makazi hoteli na inadai inafilisika. Serikali kuu si hurejesha?

Jibu: Hurejesha, kwa viwango vya kodi ya nyumba vya Januari 2011. Kwa nyumba ambayo halmashauri imeikodi kutoka kwa mtu binafsi, ni asilimia 90 ya kiwango hicho. Kwa hoteli au nyumba ya wageni, kikomo ni kiwango cha chumba kimoja cha kulala, hata kama familia ina watoto wanne. Kinachobaki kinatoka kwenye mfuko mkuu wa halmashauri, uleule wa maktaba na barabara. Kwenye kitabu cha bajeti, tafuteni kasma ya makazi ya muda, mlinganishe gharama na ruzuku iliyorejeshwa. Tofauti hiyo ndiyo wanayoililia.